Hifadhi ya flashi baada ya dhamana kuisha: uzoefu wangu katika sacco moja ya Nairobi

Mtambo wa hifadhi ya flashi (unaotunza data kwenye chipu zisizo na sehemu zinazozunguka) ninaousimamia kwa niaba ya sacco yetu umo katika kituo cha data tunakopanga nafasi, kando ya Barabara ya Mombasa. Kwa kasi na utulivu sina lawama nao. Gharama zake za muda mrefu ndizo zinazostahili maelezo.

Wanunuzi wengi huhofia kwamba diski zitachakaa kwa kuandikiwa data. Kwa taasisi ya ukubwa wetu, hofu hiyo imetiwa chumvi: diski ya terabaiti 3.84 inayoruhusiwa kuandikwa yote mara 1 kwa siku kwa miaka 5 inaweza kupokea takriban petabaiti 7 (yaani terabaiti 7,000), na kipimo cha uchakavu ambacho diski zenyewe hutoa kinaonyesha kwamba hatujakaribia hata nusu. Benki yenye miamala mizito itapiga hesabu yake kivyake.

Kinachouma ni mkataba wa matengenezo. Ada ya miaka 3 ya kwanza ilijumuishwa katika bei ya ununuzi, wakati ambapo mnunuzi bado ana nguvu ya kujadiliana. Ya mwaka wa 4 muuzaji alijipangia mwenyewe, tena kwa dola. Tukikumbuka kwamba mwanzoni mwa 2024 dola ilifika takriban shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 mwaka huohuo, tunaelewa jinsi bajeti iliyopitishwa na bodi inavyoweza kuvurugika bila kuongezwa hata diski moja.

Halafu kuna ahadi ya kubana data, ambayo wauzaji huitaja kwa furaha kubwa. Tuliambiwa kwamba kila terabaiti ingebeba data ya terabaiti 4. Hifadhidata ya wanachama ilibanika vizuri kweli, lakini picha za vitambulisho na fomu, ambazo tayari zimebanwa, pamoja na nakala rudufu zilizosimbwa (zilizofichwa kwa msimbo wa siri), hazikupungua hata kidogo. Tulizihamishia kwenye diski za kawaida za kuzunguka, ambazo bado ni nafuu kwa kila terabaiti, na hivyo tukaahirisha upanuzi wa flashi. Upande wa umeme tumenufaika na flashi, kwa kuwa hutumia umeme kidogo na kodi ya kituo hufuata umeme tunaotumia.

Diski inapoharibika na kubadilishwa, mkataba wa kawaida hutaka ile mbovu irudishwe kwa muuzaji. Kwa kuwa diski zetu zina taarifa za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuwajibisha kuzilinda, tulilipia kifungu cha kubaki na diski mbovu ili tuziharibu wenyewe.

Ningeununua tena mtambo huu, ila kwa sharti kwamba ada za mwaka wa 4 na wa 5 ziandikwe kwa shilingi ndani ya zabuni ileile, na ahadi ya kubana data iambatane na wajibu wa muuzaji kuleta diski za ziada bila malipo isipotimia.