Begi la Mwanafunzi wa Sheria Malimbe: Kipi Kinastahili Uzito Wake

Mwanafunzi wa sheria katika kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, hutembea na karatasi nyingi kuliko wenzake wengi wa fani nyingine, na kwa kuwa wengi wetu tumepanga vyumba nje ya chuo, karatasi hizo hupanda daladala za Nyegezi pamoja nasi, au hubebwa mgongoni kwa miguu juani. Tathmini hii inahusu vitu ambavyo mimi mwenyewe hubeba kila siku, vyote nilivyonunua au kutengenezesha hapa hapa Mwanza. Sikuangalia kama kinapendeza. Nimeangalia kama kinastahili uzito wake.

Kinachostahili kuliko vyote ni nakala ya sheria yenyewe, iliyochapwa kwenye karatasi na kufungwa kwa spairo. Nasema hivi nikijua kwamba sheria zote hizo zinaweza kukaa kwenye simu, na kwamba wapo wanaomaliza mwaka mzima bila kushika Kanuni ya Adhabu ya karatasi. Lakini kusoma sheria ni kazi ya kwenda mbele na kurudi nyuma: kifungu kinakupeleka kwenye tafsiri ya maneno mwanzoni, tafsiri inakupeleka kwenye jedwali mwishoni, kisha unarudi kwenye sharti dogo lililo chini ya kifungu ulichoanza nacho. Kwenye karatasi unaweka vidole vitatu sehemu tatu na mwalimu anaendelea kuuliza. Kwenye simu, hadi urudi ulipotoka, swali limeshajibiwa na mtu wa mstari wa mbele.

Jambo la kukagua kabla ya kutoa fedha ni toleo. Tangu tarehe 1 Julai 2025 sheria za nchi husomwa katika Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani mkusanyo wa sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Dodoma mwezi Aprili mwaka huo huo. Kabla yake tulikuwa tukitegemea toleo la 2002, na baadhi ya sheria zilizotolewa upya mwaka 2019 na 2022. Pamoja na hayo, bado ziko stesheneri zinazouza nakala zilizotolewa kopi kutoka kwenye toleo la 2002, zikiwa na jalada jipya linalong'aa ambalo halitaji mwaka wowote. Muuzaji mmoja aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba "sheria ni ile ile, dada, haiozi." Sheria haiozi, lakini hurekebishwa, na katika toleo jipya vipo vifungu ambavyo namba zake zimebadilika. Fungua ukurasa wa kwanza wa ndani, tazama mwaka wa toleo, na kama haupo, mrudishie nakala yake. Nakala ya zamani isitupwe hata hivyo, kwa sababu hukumu za miaka mingi hutaja namba za zamani, na anayesoma hukumu inayozungumzia kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, yaani kosa la kuua kwa kukusudia, anahitaji kukiona kifungu kama jaji alivyokiona. Sehemu yake ni chumbani, juu ya meza.

Kwa sababu hiyo, nakala nzuri si ya kununuliwa ikiwa tayari, bali ya kutengenezesha. Unachukua faili la toleo linalotumika, unakwenda nalo stesheneri, na unasimama pale pale hadi kazi iishe. Hapa ndipo ubora wa stesheneri moja na nyingine hutofautiana sana. Fundi mzuri ataacha nafasi ya kutosha upande wa kushoto kabla ya kuprinti, kwa kuwa mashine ya spairo hutoboa matundu pembeni mwa ukurasa, na herufi za vifungu vidogo zinakaa pembeni hapo hapo. Ninayo Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ambayo matundu yake yamepita katikati ya mabano, kiasi kwamba sehemu kadhaa huwezi kujua kama unasoma (b) au (h) mpaka uhesabu kuanzia juu. Fundi huyo huyo alikuwa amebana kurasa mbili kwenye upande mmoja ili kunipunguzia gharama, na maelezo ya pembeni yakawa madogo kama sisimizi. Omba ukurasa mmoja kwa kila upande, pande zote mbili za karatasi zichapwe, na spairo iwe ya plastiki, maana ya chuma ikikandamizwa kwenye daladala iliyojaa hupinda na kurasa hazigeuki tena.

Kuchapa pande zote mbili si suala la fedha tu. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo karatasi 200 ni kilo nzima, sawa na lita moja ya maji. Sheria yenye kurasa 400 ikichapwa upande mmoja ni kilo mbili. Ikichapwa pande mbili ni kilo moja. Anayebeba Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai na Sheria ya Ushahidi kwa siku moja ataihisi tofauti hiyo kabla hajafika getini.

Pengine mtu atauliza kama kujichapia sheria ni halali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, haitoi ulinzi wa hakimiliki kwa sheria wala kwa maamuzi ya mahakama, kwa hiyo hapo dhamiri itulie. Kitabu cha kiada kilichotolewa kopi kutoka jalada hadi jalada ni habari nyingine, na inashangaza kidogo kuona ni nani wanaoongoza kukibeba.

Hukumu sizichapi zote. Tovuti ya TanzLII inatoa maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani bila malipo, na mengi huyasoma mara moja tu, kwa hiyo simu inatosha. Nachapa zile tu ambazo walimu hurudi kwazo kila muhula. Mojawapo ni Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa mwaka 1990 na Jaji Mwalusanya hapa hapa Mwanza, ambayo ilikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Ina kurasa chache na haina uzito wa kulalamikia.

Sasa begi lenyewe. Nimelinganisha begi jipya la dukani na begi la mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, na la mtumba limeshinda kwa mbali. Begi jipya lilikuwa na mifuko mingi na nembo kubwa, lakini mkanda wa bega ulikuwa umeshonwa mstari mmoja tu pale unapokutana na mgongo, na ulianza kuachia uzi kabla muhula haujafika katikati. La mtumba limeshonwa kwa mraba wenye msalaba ndani yake, zipu ni ya meno makubwa, na kitako kimewekwa kitambaa mara mbili. Ukienda kuchagua, usianze na rangi. Geuza begi ndani nje, shika mkanda, uvute kwa nguvu mbele ya muuzaji. Asipopenda, utakuwa umepata jibu. Kasoro yake ni kwamba halizuii maji, na mvua za vuli hutukuta muhula ukiwa umeanza. Mfuko wa rambo umepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na haipendezi mwanafunzi wa sheria kukutwa nao. Bahasha ngumu ya plastiki yenye kifungo, ile inayouzwa kwa ajili ya kuhifadhi vyeti, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuhusu vifaa vya kuandikia sina mengi. Kaunta buku moja nene kwa masomo yote ni mzigo wa bure. Madaftari membamba, moja kwa kila somo, hukuwezesha kuacha nyumbani yasiyohitajika siku hiyo. Kalamu ya Bic ya bluu inatosha. Hailaita ninayo lakini siitumii kwenye sheria, kwa sababu rangi hupenya upande wa pili wa karatasi, na pia kwa sababu mwalimu anayeruhusu kuingia na sheria kwenye mtihani hataki kuona alama yoyote ndani yake. Penseli hufutika.

Pawabenki inastahili nafasi kwa siku ambazo umeme hukatika, mradi usiamini maandishi ya juu: ile ya mAh 10,000 haitajaza mara mbili simu ya mAh 5,000, kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani. Flashi, kwa upande mwingine, nimeitoa begini. Kompyuta za stesheneri nyingi zina virusi, na faili lililoingia zima hutoka limegeuka kuwa njia ya mkato isiyofunguka. Siku hizi faili la sheria namtumia fundi kwa barua pepe nikiwa nimesimama mbele yake, kisha namwomba alifute akishamaliza kuprinti.