Mulato II: mbegu niliyoinunua kwa bei ya mfuko wa mbolea

Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa hapa Hai, Kilimanjaro, mwaka wa 12 sasa, na kazi inayonichosha si kukamua. Ni majani. Kiangazi kikishika, ukifika mwezi wa tisa, gari la mabua linapanda kutoka tambarare, majirani tunaligombania, na ng'ombe anashindia mabua ya mahindi na mgomba uliokatwakatwa huku maziwa yakipungua wiki hadi wiki. Kwa hiyo mwaka juzi nikanunua kilo moja ya mbegu ya Mulato II. Bei yake ilikaribia mfuko wa mbolea wa kilo 50, na nyumbani walinitazama bila kusema neno. Nimeyakata majani hayo misimu miwili, na nayapa nyota nne kati ya tano.

Mulato II ni chotara wa brachiaria. Brachiaria ni majani ya Afrika hii hii, lakini chotara huyu alizalishwa na watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto, huko Cali, Kolombia, akaanza kutolewa kwa wafugaji mwaka 2005. Hutoa mbegu chache zilizojaa, ndiyo maana kilo ni ghali. Ndiyo maana pia nilipopoteza nusu kilo niliumia sana.

Niliipoteza hivi. Duka nililonunua lilinipimia kutoka gunia kubwa na kunifungia kwenye mfuko mtupu, hauna tarehe wala maelekezo. Nikaenda shamba nikaifukia kwa jembe kama mahindi. Wiki tatu baadaye mashina yaliyotoka ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Dukani wakaniambia labda ni mvua. Afisa ugani wa mifugo alipokuja alichimbua mstari kwa kidole, akanionyesha mbegu ikiwa chini kabisa. "Mama, hii umeizika. Sentimita moja, zikizidi sana mbili."

Nusu iliyobaki niliichanganya na mchanga mkavu ili isimwagike kwa mafungu, nikachora mistari kwa kijiti, nusu mita toka mstari hadi mstari, nikanyunyiza, nikaburuta tawi juu yake na kuukanyaga udongo kidogo. Iliota vizuri. Sehemu iliyobaki tupu sikununulia mbegu tena: mvua za vuli zilipoanza niling'oa mashina yaliyonenepa, nikayagawa kila moja vipande vitano sita vyenye mizizi, nikapandikiza. Robo eka yote ikajaa. Kwa mwenye eneo dogo na jirani mkarimu, vipando vinatosha kabisa, aache hata kununua mbegu.

Miezi mitatu ya mwanzo yanataka uvumilivu. Hukua polepole, na sangari haisubiri mtu. Nilipalilia mara mbili, na ya pili ilikuwa ngumu kwa sababu yakiwa machanga sangari inajificha katikati yake. Yakishajifunga ardhini, basi, hayapaliliwi tena.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mabingobingo yangu nimekuwa nayo miaka yote, na kwa wingi wa mzigo Mulato haiyafikii. Lakini kila jioni nilikuwa nazoa horini shina gumu la mabingobingo ambalo ng'ombe amelisukuma pembeni. Mulato karibu yote ni jani. Nikiweka mzigo saa kumi na mbili asubuhi, saa nne hori ni jeupe. Mmoja wa ng'ombe wangu alikuwa mwezi wa nne tangu azae, wakati ambao maziwa huanza kushuka, akitoa lita 9 kwa siku. Pumba na mashudu ya alizeti sikuongeza hata kopo. Baada ya wiki tatu za kulishwa Mulato alifika lita 11, akakaa hapo. Ni ng'ombe mmoja katika banda moja, lakini mimi ndiye ninayekamua na ninayepima.

Msimu wa pili nikajifunza jambo jingine. Nilisafiri kwa msiba, majani yakapita wiki kumi bila kukatwa. Niliporudi yalikuwa marefu, yametoa maua, mzigo mkubwa wa kupendeza macho. Ng'ombe walikula wakabakiza, na maziwa yakarudi nyuma. Yakikatwa kila wiki sita hadi nane, kwenye udongo ulioshiba samadi, protini yake huweza kuwa asilimia 12 hadi 16; yakikomaa inashuka, hata kama umelipia mbegu bora kiasi gani. Sasa nimegawa robo eka yangu vipande sita, kila wiki nakata kimoja, naacha kisiki cha sentimita 10 hivi, na siku hiyohiyo kipande kilichokatwa kinapata samadi na mkojo wa bandani. Bila hiyo samadi, mkato wa tatu yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Majani yanayobebwa kila wiki yanabeba na udongo wako, lazima uurudishie.

Kiangazi kilichopita yalibaki kijani hadi mwishoni mwa mwezi wa nane, bila kumwagiliwa, mabingobingo ya pembeni yakiwa yameshasinyaa. Gari la mabua nililipia mara moja tu badala ya mara tatu.

Nyota moja naitoa kwa sababu ya maji. Shamba langu limeinamia mfereji, na masika maji hutuama kwenye kona ya chini. Kona hiyo Mulato ilikuwa ya njano mwezi mzima, kisha ikaoza mizizi. Chini ya migomba na mibuni nako nilijaribu, ikatoa majani membamba yasiyofaa kukatwa. Mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na mibuni, chenye kivuli kizito asitupe fedha yake huko. Apande sehemu yenye jua, au kwenye kingo za makinga maji.

Kwa anayekwenda kununua: dai pakiti iliyofungwa, yenye tarehe na kiwango cha uotaji, usikubali ya kupimiwa. Ukitilia shaka, hesabu mbegu mia moja, ziweke kwenye kitambaa chenye unyevu uone ngapi zinaota, kabla hujapeleka shamba. Kilo moja inatosha robo eka.

Kona yangu ya chini nitaijaribu Cayman masika haya. Ni ndugu yake Mulato, naye alichaguliwa kwa kuvumilia udongo unaotuama maji. Vipando vya Mulato ninavyo vingi. Shangazi wa jirani ameshachukua viroba viwili.