Raspberry Pi Pico kwa Roboti: Kitu Kimoja Kinachonifanya Niitetee

Wadau, karibuni! Mezani leo ni Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya kuendeshea vifaa, ile ya 2021. Kasi na memori mnazijua, narukia PIO moja kwa moja, yaani sehemu ya chipu inayosoma na kuendesha pini yenyewe bila kuisumbua CPU. Kama unatafuta ajira ya kuandika programu zinazokaa ndani ya vifaa, hasa roboti, anzia hapa.

Tazama mota hii. Enkoda yake, kifaa kinachopima mzunguko kwa waya mbili za ishara, A na B, inatoa mipigo 11 kwa mzunguko wa mota. Ukihesabu kila badiliko la waya A na B unapata 44. Giaboksi ni 34 kwa 1, yaani mota inazunguka mara 34 tairi likizunguka mara moja, hivyo tunatarajia hesabu ya 1496. A naichomeka GPIO 10, B GPIO 11 (GPIO ni pini za ishara za bodi). Lazima zifuatane! Ukiruka pini, programu inasoma pini tupu na hesabu inavurugika. Umeme wa enkoda chukua pini 36 (hii ni namba ya pini kwenye bodi, si ya GPIO), volti 3.3. Volti 5 zikirudi kwenye GPIO unaweza kuiunguza. Na GND (waya hasi) ya betri ya mota iunganishe na ya bodi, la sivyo namba zinarukaruka.

Haya, nazungusha hadi kwenye alama ya tepu... 1495! Hiyo moja ni mkono wangu. Narudisha nyuma, inashuka. CPU haijahesabu hata mpigo mmoja, PIO ndiyo imehesabu! PIO moja ina mashine 4 zinazotumia programu ileile, yaani tairi zote nne za roboti. Arduino Uno, bodi nyingine maarufu, ina pini 2 tu za interapti za nje, yaani ishara za kuikatiza CPU ishughulikie mpigo. Chipu ya ESP32 ina Wi-Fi na kihesabu mipigo chake, nakubali, lakini PIO unaipangia kazi nyingine nyingi.

Kodi iko pico-examples, mkusanyiko wa mifano rasmi ya Pico, folda quadrature_encoder, leseni huria ya BSD. Isome yote. Programu hii lazima ikae anwani 0, mwanzo wa memori ya PIO. Ukitanguliza nyingine kwenye PIO hiyohiyo, inaweza kugoma. Vijana wa Kijitonyama, rekebisho lako likipokelewa kwenye mradi huria kama huu, mwajiri anaiona kazi yenyewe.

Kinachoniudhi: hakuna kitufe cha reseti! Weka swichi kati ya pini 30 (ya reseti) na 28 (GND). Shika kitufe cha BOOTSEL kilicho kwenye bodi, bonyeza swichi, achia swichi kwanza. Bodi inatokea kwenye kompyuta kama flashi, unaburuta faili la UF2, yaani programu yako iliyokwisha kutayarishwa. Bei ilitangazwa dola 4, ila hadi ifike Dar imeshaongezeka.

Video ijayo ni Pico 2, bodi iliyoifuata hii. Mliokwisha kuinunua, chipu za toleo A2 zina kosa linaloitwa E9: pini yenye pull-down ya ndani (rezista ya kuivuta hadi volti 0) inaweza kukwama karibu na volti 2. Weka rezista ya nje ya kiloomu 8.2 au pungufu kati ya pini hiyo na GND.