Podikasti za mauaji na utapeli, kutoka kwenye cherehani yangu

Kazi ya kushona ina raha moja: macho na mikono vinabanwa, masikio yanabaki huru. Kwa miaka mingi masikio yangu yalikuwa ya redio ya jirani muuza mkaa, taarabu mchana, mpira jioni. Sasa ni mwaka wa tatu nasikiliza podikasti, vile vipindi vya sauti vya kupakua kwenye simu, za kesi za kweli: mauaji, watu waliopotea, matapeli. Nyingine nimezitupa kabla sijamaliza pindo la suruali moja. Chache zimenishika, na hizo ndizo nataka kuwaambia.

Nianze na iliyoniharibia kazi. In the Dark, msimu wa pili, wa mwaka 2018, mtangazaji Madeleine Baran. Inahusu Curtis Flowers, mtu mweusi wa Winona, mji mdogo huko Mississippi, Marekani. Asubuhi ya Julai 16, 1996, watu 4 walipigwa risasi ndani ya duka la samani, na wote wakafa. Flowers alikuwa amefanya kazi pale kwa siku chache tu, na akashitakiwa kwa mauaji hayo. Akahukumiwa kifo, hukumu ikatenguliwa, akashitakiwa upya. Ikatenguliwa tena, akashitakiwa tena. Mara sita jamani! Na mara zote sita mwendesha mashtaka alikuwa yule yule, Doug Evans.

Baran na wenzake hawakukaa studio kusoma magazeti. Walihamia Winona, wakaishi huko karibu mwaka mzima, wakibisha hodi nyumba hadi nyumba. Hicho ndicho kipimo changu cha podikasti za aina hii: mtangazaji kanyanyuka kitini au hakunyanyuka?

Kuna sehemu inayohusu mashahidi waliodai walimwona Flowers akipita mitaani asubuhi ile. Wengi waliulizwa miezi mingi baada ya tukio, na hata nguo walizosema alizivaa hazikulingana. Hapo nikasimamisha cherehani. Mimi nguo ndiyo riziki yangu. Nitakukumbusha kitenge ulichoniletea mwaka juzi, rangi yake, na kwamba kilipungua nusu mita. Lakini uniulize ulikivaa siku gani ukipita mbele ya kibanda changu, nitakuwa nakutungia. Wale watu waliulizwa hivyo hivyo, na majibu yao yakatumika kumhukumu mtu kifo.

Halafu kuna Odell Hallmon, shahidi wa jela. Yeye ndiye aliyekuwa akiiambia mahakama kwamba Flowers alimkiria mauaji walipokuwa wamefungwa pamoja. Timu ya Baran ikampata kwa simu ya magendo, akiwa gerezani kwa mauaji aliyoyafanya yeye mwenyewe baadaye, na akasema ule ushahidi aliutunga. Unaisikia sauti yake kavu kabisa, kama mtu anayekutajia bei ya nyanya. Nilikuwa napachika mikono ya gauni la kitchen party. Nilipotua mguu kwenye pedali nikaona mkono wa kulia nimeupachika kushoto. Binti anayenisaidia akaniambia, "Anti, leo umepatwa na nini?" Kufumua tu kulinichukua nusu saa.

Jambo jingine walilochimba ni jinsi ofisi ya Evans ilivyochagua wananchi wa kuamua kesi. Sisi hapa tunawajua wazee wa baraza, wanaompa jaji maoni tu. Kule wananchi 12 ndio wanaosema mtu ana hatia au hana, kwa hiyo nani kaketi pale ni suala la kufa na kupona. Walifukua makabrasha ya mahakama ya miaka mingi, wakakuta ofisi hiyo iliwaondoa weusi kwa kiwango kinachozidi mara 4 kile cha weupe. Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua hukumu ya mwisho kwa kura 7 dhidi ya 2. Desemba mwaka huo Flowers akatoka kwa dhamana, na Septemba 2020 mashtaka yakafutwa. Karibu miaka 23 ndani. Ndiyo, nimewamalizia uhondo, lakini kwenye hii kujua mwisho hakupunguzi kitu.

Ya pili ni ya BBC, The Missing Cryptoqueen, na kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza kama changu, anza na hii. Jamie Bartlett anaongea taratibu na kwa kueleweka. Anamtafuta Ruja Ignatova, mwanamke aliyewauzia watu wa dunia nzima sarafu ya kidijitali iitwayo OneCoin, kisha Oktoba 2017 akapanda ndege kutoka Sofia, Bulgaria, kwenda Athens, Ugiriki, na kuyeyuka. Sarafu yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na tarakimu zinazopanda kwenye skrini, basi.

Kilichonifanya niisikilize mara mbili ni safari yao ya Uganda. Wanakutana na kijana aliyekusanya akiba yake, ikapelea, akaenda kuwauza mbuzi watatu wa kwao ili anunue kifurushi cha OneCoin. Shangazi yangu naye aliwahi kupanda "mbegu" kwenye upatu uliokuwa ukihubiriwa na watu wa Mungu. Ukipanda, unavuna maradufu. Aliuza cherehani ya miguu, ile ile aliyonifundishia kushona. Mpaka leo hajavuna. Bartlett alipokaa na wale watu wa Uganda hakuwacheka wala hakuwauliza "mlikuwa mnawaza nini?", na kwa hilo tu nampa nyota zote. Ignatova yuko kwenye orodha ya FBI, wapelelezi wa Marekani, ya wanaosakwa zaidi tangu 2022, na sasa donge nono la hadi dola milioni 5 linamsubiri atakayetoa habari za kuwezesha akamatwe.

Serial, msimu wa kwanza, wa 2014, wengi mtakuwa mmeisikia jina. Kesi ya Hae Min Lee, mwanafunzi wa Baltimore, Marekani, aliyeuawa Januari 1999, na mpenzi wake wa zamani, Adnan Syed, aliyefungwa maisha. Sarah Koenig anasimulia vizuri mno, pengine vizuri kupita kiasi. Nilipofika sehemu ya 12 nikagundua namjua Adnan anavyocheka, lakini yule binti aliyekufa simjui. Mdogo wa kiume wa Hae aliwahi kuiambia mahakama kwamba kwake yeye hii si podikasti. Neno hilo lilinichoma. Na kesi imepanda na kushuka mno tangu hapo: hukumu ikafutwa 2022, ikarudishwa 2023, na Machi 2025 jaji akaamua muda aliokwisha kutumikia unatosha, ingawa hatia imebaki pale pale. Sikilizeni, lakini msiapie upande wowote.

Zile za marafiki wawili wanaoongea juu ya maiti huku wakichekeshana na kusifia mvinyo, mimi hapana. Nilijaribu tatu. Msiba wa mtu si gumzo la saluni.

Kuhusu kusikiliza: zote hizi nilizipata bure. Mimi hupakua usiku kwa bando la bei rahisi, kisha mchana nasikiliza bila intaneti. Punguzeni mwendo, hasa kwa watu wa Mississippi, maana wanameza maneno kama ugali wa moto. Serial na In the Dark zina maandishi kamili kwenye tovuti zao, na pale lafudhi iliponishinda binti alinisomea.

Msimu wa tatu wa In the Dark, wa 2024, nimeshaupakua. Unahusu raia 24 wa Iraki waliouawa na wanajeshi wa Marekani mjini Haditha mwaka 2005, na ulipata Pulitzer 2025, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Sijaufungua. Nina sare za shule sitini za kumaliza kabla ya Januari, na mikono ya gauni nimeshafumua ya kutosha.