Mdhamini wa pili au kiwanja cha Bamburi?

Mume ni raia wa Marekani, mke yuko Kisauni, Mombasa, anasubiri viza, na mshahara wa mume haufiki asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachowekwa na serikali ya huko. Fomu yake ya I-864, yaani ahadi ya kumkimu mke kwa kipato kinachofika kiwango hicho, ataijaza vyovyote vile. Swali ni nani au nini kitaziba pengo.

Mdhamini wa pili ndiyo njia ya haraka. Awe raia au mkazi wa kudumu, anaishi Marekani, ametimiza miaka 18, na kipato chake kinatosha. Si lazima awe ndugu. Lakini aelezwe ukweli kabla hajatia sahihi. Dhamana hiyo haivunjwi na talaka! Inaendelea mpaka mke apate uraia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au aondoke Marekani moja kwa moja, au mke au mdhamini huyo afariki. Kumtwisha ami yako mzigo huo bila kumweleza ni dhuluma.

Mali haimfungi mtu mwingine. Kwa mke wa raia, thamani iwe mara 3 ya pengo: ukipungukiwa dola 4,000, onyesha 12,000 baada ya kutoa madeni. Kiwanja cha Bamburi chaweza kuhesabiwa hata kikiwa cha mke, mradi kiweze kuuzwa ndani ya mwaka na kiwe na ripoti ya mthamini. Hati ikiwa bado ina jina la marehemu babu na ndugu hawajagawana, msiende nayo kwenye mahojiano Nairobi. Akiba ya benki huthibitishwa kwa urahisi zaidi.

Penye mali safi, mimi ningeanza na mali.