Dashikamu kwa jua la Mwanza: achana na 4K kwanza, uliza ndani ina nini

Nina dashikamu ya Viofo A119 V3, yaani kamera ya kwenye kioo cha mbele inayorekodi barabara, kwenye Noah yangu muda sasa na kila anayepanda anauliza hiyo ni 4K, ile picha kali kabisa? Si 4K bwana, ni pikseli 2560 kwa 1600 na kwa mizunguko ya hapa inatosha. Mi niliichukua kwa sababu nyingine kabisa, haina betri ya lithiamu, ina kapasita.

Gari ikipaki juani Makoroboi saa saba mchana lile joto la nyuma ya kioo unalijua mwenyewe, hata usukani haushikiki. Lithiamu inavimba kwa hali hiyo, shemeji yangu alinunua kamera moja ya bei chee skrini kubwa kama simu, ikatuna mpaka kava likaachia. Kapasita haitunzi umeme mwingi, kazi yake ni kuipa kamera sekunde chache imalizie kusevu ukizima gari, lakini joto inalivumilia. Muuzaji akikuanzishia habari za megapikseli mrudishe kwanza kwenye swali la ndani kuna betri au kapasita.

Mchana picha iko poa sana, hata bajaji inayochomekea pembeni kwenye foleni ya Buzuruga unaipata maana lenzi ni pana. Usiku tusidanganyane, namba ya bodaboda inayopita mbio na taa ful huipati, na hapo karibu kamera zote zinafeli, hata hii yenye sensa ya Sony STARVIS, iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga hafifu. Ninachofanya naisoma namba kwa sauti, maiki inarekodi, abiria wakikuona chizi shauri yao.

Haina waifai, yaani ukitaka video kwenye simu mpaka uchomoe kadi na uwe na kadi rida. Inakera, ila kuna kiskrini cha inchi 2 na kilishaniokoa Igoma, Hiace ilirudi nyuma ikanivaa halafu konda anapiga kelele eti mimi ndo nimemgonga, trafiki kaja nikamrudishia video palepale, kelele zikaisha.

Sasa memori kadi, hapa ndo wengi wanaumia. Chukua iliyoandikwa High Endurance, za simu zinachoka haraka kwa kuandikwa na kufutwa kutwa nzima, na za feki zimejaa, ijaribu kwanza kwenye kompyuta na H2testw, programu ya kupima kama kadi ina ukubwa ulioandikwa kweli. Kamera ikijaa inafuta za zamani yenyewe, kwa hiyo 64GB ukitoka Mwanza asubuhi ukifika Dodoma, video ya Usagara pale mwanzo wa safari imeshafutwa. Weka 128. Halafu ile sensa ya mtikisiko ishushe mpaka chini, kwa mashimo na mawe ya mitaa yetu ya milimani kila ukiruka kidogo inadhani ni ajali inaifungia hiyo video isifutike, mwisho kadi inajaa mashimo matupu.

Ukitaka irekodi ukiwa umepaki, mpe fundi umeme anayejua kazi aiunge kwenye fyuzi na kile kiwaya chenye kukata umeme volti zikishuka, bila hivyo asubuhi unasukuma gari.

Ya nyuma sijaweka, model hii ni ya mbele tu, na kioo changu cha nyuma kina tinti nyeusi tii, usiku ingerekodi nini.