Visu vya Kijapani vya zawadi: kisu sikilaumu, namlaumu aliyeniuzia

Ukitaka kumzawadia mtu kisu cha Kijapani cha chuma cha kaboni, nunua. Ila usikubali kifungwe kabla hujayaona makali yake kwa macho yako, kuanzia nchani mpaka mwisho kabisa kule karibu na mpini, na jina la utakayempa lisigongwe kwenye chuma mpaka umeridhika. Nimetanguliza hilo kwa sababu ndilo lililonichoma, na mpaka leo linanichoma.

Naishi Saitama, Japani. Mwaka jana nilikuwa naenda nyumbani Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu, na chokoleti na vipodozi nilishachoka kuvibeba. Nikaenda Kappabashi, ule mtaa wa Tokyo ulio kati ya Ueno na Asakusa, maduka ya vyombo vya jikoni mwanzo mwisho. Visu vya bei ya kutisha vipo tele. Mimi nilikuwa nataka vile vyeusi vya Tosa, mkoani Kochi, kwenye wahunzi waliozoea kufua mashoka na zana za misituni. Hawapotezi muda kuking'arisha kisu. Ubapa unabaki na weusi wake wa motoni, makali peke yake ndiyo yanayong'aa, na bei inashikika: hakuna nilichokilipia zaidi ya yen 8,000. Nikachukua nakiri ya mama, kile kisu kipana cha mboga. Santoku ya shangazi, kisu cha kazi zote za jikoni. Na kidogo wanachokiita petty kwa ajili ya wifi yangu.

Huduma ya dukani siwezi kuikashifu, na hilo ndilo linanitia hasira zaidi. Majina waligonga bila malipo, mzee mmoja ameinama na patasi ndogo na nyundo, herufi moja moja. Nilisimama kumtazama mpaka jina la shangazi likakamilika kwenye kile chuma cheusi, nikahisi nimempata. Halafu kijana wa kaunta akavifunga kwa karatasi nzuri, akabandika sarafu ya yen 5 kwenye kila boksi. Kuna Wajapani wanaoamini kwamba kisu cha zawadi kinaweza kukata undugu, sarafu inaondoa mkosi huo. Akafunga na mfuko kwa gundi. Kule si mahali pa kufungua kisu kwenye treni ukikague: sheria inakataza kutembea na kisu chenye ubapa unaozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi. Kwa hiyo vilivyofungwa vikabaki vimefungwa, vikaingia kwenye begi la kupakia chini ya ndege, vikafunguliwa Tanga mbele ya watu.

Shangazi aliipenda ile sarafu kabla hajakitazama kisu. Ina tundu katikati, akakumbuka senti za tundu za utoto wake, za enzi ya mkoloni, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akachukua kitunguu. Akakata mara ya kwanza, ya pili, akasimama. "Mwanangu, mbona kinashika?"

Nikakichukua, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu ya nyuma ya makali, upana wa vidole viwili kutoka mpinini, palikuwa na pengo. Kama nusu punje ya mchele, lakini ukipitisha jani la mchicha pale linachanika badala ya kukatika, na uzi mmoja unabaki unaning'inia. Nikajaribu kwa karatasi ya gazeti: iliteleza vizuri kabisa hadi ilipofika pale ikararuka. Kisu kipya, jina la mtu juu yake, harusi keshokutwa, wageni wanatazama. Shangazi akasema haidhuru, atakitumia hivyo hivyo. Nilijua anasitiri aibu yangu.

Nikapiga simu dukani. Kijapani changu kinatosha kwa mambo haya, nikaeleza taratibu, nikatuma na picha. Yule bwana, si kijana wa kaunta, huyu alionekana mkubwa wake, akanijibu kwa lugha ya heshima tupu kwamba kisu kilichogongwa jina hakirudi. Sawa, hilo ningeweza kulimeza. Kisha akauliza: "Huko kwenu mnakatia nini? Mifupa?"

Nikamwambia kimekata kitunguu. Kitunguu kimoja, na hakikwisha. Akasema visu hivi ni vigumu na vyembamba, mtu asiyevizoea huvimega. Hilo ni kweli, nalijua kuliko anavyodhani: kati kuna chuma kigumu, pande zote mbili kimevikwa chuma laini, na ukikikatia mfupa au samaki aliyeganda kitameguka. Lakini kumeguka kwa kukata na kutoka dukani kimemeguka ni vitu viwili. Akamalizia kwa kusema kwa bei ile, wao hutarajia mteja aelewe. Niliikata simu mikono inatetemeka. Mtu hajawahi kuliona jiko la mama yangu, ameshaamua tunakishika kisu kama panga!

Siku hiyo niliapa kuwaambia watu wote wasinunue. Nilikuwa na jiwe la kunolea la pande mbili, mchanga wa 400 wenye chembe kubwa na wa 1000 wenye chembe laini, nililokuwa nimemletea mama. Nikaliloweka, nikakaa barazani, nikanoa upande wa 400 mpaka mstari wa makali ukarudi nyuma na pengo likaisha, kisha nikalainisha upande wa pili. Kazi ya jioni nzima wakati wenzangu wanapakwa hina. Kisu cha shangazi sasa ni chembamba kidogo kuliko kilivyostahili, na kazi hiyo ilikuwa ya duka, haikuwa yangu.

Sasa niwe mkweli kuhusu visu vyenyewe, maana hasira isinifanye nidanganye. Vinakata kuliko kisu chochote kilichowahi kuingia nyumba ile. Nyanya mbivu haibonyei. Vitunguu vya pilau la harusi vilikatwa na wifi kwa hiki kidogo, na machozi yalikuwa haba. Wengi wetu tunakata mkononi, kitunguu kiganjani, kisu kinakuja kwenye dole gumba, na kwa ukataji huo petty ndiyo inayofaa. Ile nakiri pana inataka ubao. Mama mwanzoni aliiona kubwa, mzito mkono nayo, siku chache baadaye akawa hataki mtu mwingine aiguse. Mchicha anaukata mwembamba mpaka unamwuliza kama ameupitisha kwenye mashine.

Kutu ndiyo kesi. Pwani hewa ina chumvi, na chuma hiki hakisamehi kama stenlesi. Usiku wa harusi mmoja wa wapishi aliitumbukiza petty kwenye beseni lenye maji ya ukwaju, asubuhi ina madoa mekundu. Tulisugua kwa majivu yakatoka. Ndimu na embe bichi pia hukibadilisha, kinapata rangi ya kijivu yenye ubuluu. Wifi alidhani kimeharibika, hapana, ile rangi inakikinga. Kuoshwa hapo hapo, kukaushwa kwa kitambaa, mafuta kidogo kama kitakaa bila kutumika. Mtu wa kuacha vyombo kwenye sinki mpaka kesho usimpe zawadi hii, mpe sufuria.

Kwa hiyo ninunue tena au nisinunue? Shangazi ameshaniagiza kingine cha jirani yake, na nitakinunua, tena hicho hicho cheusi cha Tosa. Kwa pesa ile sijaona mfano wake. Ila kwa duka lile, hapana. Nitaenda la jirani, nitasimama kaunta nikivute kutoka kwenye boksi, nikiangalie kwenye taa, nikijaribu kwa karatasi, foleni nyuma yangu isubiri, halafu ndipo mgonga majina wao apewe patasi yake. Na yule bwana wa simu bado namdai samahani, ampe shangazi yangu mwenyewe, kwa Kijapani chake kile cha heshima.